Faida yao, hasara yetu: somo la Lehman Brothers na reli ya Usambara

 

Tarehe 15 Septemba 2008 kampuni ya Lehman Brothers ya New York ilikwenda mahakamani kutangaza kuwa imefilisika. Madeni yake yalikuwa dola bilioni 613. Marekani haijapata kuona kampuni nyingine yenye mali nyingi kiasi kile ikifilisika. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi, na katika mihadhara yetu mengi hayo hufupishwa kwa neno moja: riba. Neno hilo ni sahihi. Lakini likisemwa peke yake humwacha msikilizaji akidhani kwamba ubaya huo ni wa Wamarekani na mabenki yao, na yeye hana lake humo.

Makala haya yana lengo la kuonesha kwamba katika mzizi wa riba kuna jambo ambalo lazima tulifahamu, nalo ni kumtenga mla faida na mbeba hasara. Mmoja anakula, mwingine analipa. Jambo hili lilifika hapa kwetu katika milima ya Usambara zaidi ya miaka 100 kabla Lehman haijaanguka. Na hadi leo limo katika makubaliano tunayowekeana ndugu kwa ndugu, wa Dar es Salaam na wa Lushoto, huku tukidhani tunasaidiana.

Kampuni iliyotangulia serikali

Tuanze nyumbani. Mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani alilipa kundi la Carl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo ambayo Peters alidai kuyapata kwa mikataba ya mwaka 1884. Kutokana na hati hiyo ikasimama Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Haikuwa serikali. Ilikuwa ni kampuni ya wenye mitaji, na lengo lake lilikuwa faida. Mwaka 1888 ikakodishiwa ukanda wa pwani na Sultani wa Zanzibar, ikaanza kutawala miji na kukusanya ushuru. Agosti mwaka huo huo watu wa Pangani na miji mingine ya pwani wakasimama kuipinga. Miongoni mwa viongozi wao walikuwa Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani.

Kampuni ikashindwa. Haikuwa na askari wa kutosha wala fedha ya kuwaajiri. Je, wenye mitaji walibeba hasara yao na kurudi kwao? Hapana. Mwaka 1889 Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi lililolipwa kwa fedha ya hazina. Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Kuanzia Januari 1891 serikali ikachukua utawala wa nchi, lakini kampuni haikuondoka. Ilibaki na mashamba, ikabaki na haki kubwa juu ya ardhi, na ikapangiwa malipo ya kila mwaka yanayotokana na ushuru wa forodha. Yaani hasara ya vita ilikwenda kwa umma, na kampuni ikaendelea kupokea.

Reli iliyokwama Muheza

Mapema katika miaka ya 1890 kampuni hiyo na nyingine zilifungua mashamba ya kahawa katika Usambara ya Mashariki, Derema na sehemu za jirani. Msitu ulikuwa mnene, mvua nyingi, na wawekezaji wa Ujerumani wakaamini kwamba ardhi inayostawisha miti mikubwa namna ile itastawisha kahawa vilevile. Ili kahawa hiyo ifike bandarini, mwaka 1891 ikaundwa kampuni maalumu ya reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, kiasi cha kilomita 40 tu, na fedha zikawa zimekwisha.

Kahawa nayo haikuwaokoa. Udongo wa msitu ule, ukishakatwa miti, hupoteza rutuba yake haraka. Na mwishoni mwa miaka ya 1890 Brazil ilizalisha kahawa nyingi mno na bei ikaporomoka duniani kote. Kampuni ya reli ikawa haina fedha ya kuendelea na haina mzigo wa kubeba. Mwaka 1899 Serikali ya Ujerumani ikainunua reli ile kwa marki milioni 1.3, ikaiendeleza yenyewe hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Sisemi kwamba reli ni kitu kibaya. Wazee wengi wa Lushoto waliteremka Mombo kupanda treni ile, na mazao ya watu wetu yamesafiri nayo. Ninachotaka msomaji akione ni mpangilio wa mambo. Waliopanga kuvuna faida walikuwa ni watu binafsi. Mavuno yaliposhindikana, mzigo ukahamishiwa kwenye hazina.

Na hazina ya mkoloni hujazwa na nani? Mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya nyumba, na mtu ambaye hajapata kuhitaji rupia akalazimika kuitafuta. Kisha, kiasi cha mwaka 1907, wilaya hii ya Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, ikawa maarufu kwa utaratibu wa kadi ya kazi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi kwa mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alichukuliwa kufanya kazi za serikali. Msambaa aliyekuwa akilima mahindi na migomba yake Vuga au Mlalo hakuwa mwanahisa wa kampuni yoyote ya Ujerumani. Hakualikwa kwenye mkutano wowote wa kugawana faida. Lakini ilipotakiwa nguvu ya kuyafanya mashamba yale yalipe, iliyochukuliwa ilikuwa ni mikono yake.

Duka la pamba lililogeuka mlima wa madeni

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1844 kijana mmoja kutoka Bavaria, Ujerumani, aitwaye Henry Lehman, alihamia Marekani na kufungua duka katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Wadogo zake wawili, Emanuel na Mayer, walimfuata, na mwaka 1850 duka likaitwa Lehman Brothers, yaani ndugu wa Lehman. Wakulima waliokosa fedha taslimu walilipa kwa pamba, na akina Lehman wakajikuta wamekuwa wafanyabiashara wa pamba. Tusisahau kwamba pamba ile ililimwa na watumwa weusi, na familia yenyewe ilimiliki watumwa. Mwaka 1858 wakafungua ofisi New York. Mwaka 1870 walikuwa miongoni mwa walioanzisha soko la pamba la mji huo. Baadaye wakaingia katika kazi ya kuzitafutia kampuni mitaji kwa kuuza hisa zao. Hiyo ndiyo benki ya uwekezaji: haikai kupokea akiba za watu wa kawaida, bali huunganisha wenye fedha na wenye miradi, na yenyewe hununua na kuuza hisa na madeni.

Kwa zaidi ya miaka 100 kampuni ile ilikuwa ni ya washirika. Waliokuwa wakiamua ndio waliokuwa wameweka fedha zao humo. Wakikosea, wanaumia wao kwanza. Mwaka 1984 washirika waliiuza kwa kampuni ya American Express, na mwaka 1994 ikatengwa tena na hisa zake kuuzwa kwa watu wote. Kuanzia hapo waliokuwa wakiamua walikuwa waajiriwa wenye mishahara na marupurupu, na fedha walizochezea zilikuwa kwa sehemu kubwa za watu wengine.

Wakati huo Marekani ilikuwa imeingia katika biashara ya mikopo ya nyumba. Zamani aliyekopesha nyumba alimchunguza mkopaji, kwa sababu asipolipwa hasara ni yake. Katika utaratibu mpya, mkopeshaji aliuza deni lile kwa benki ya uwekezaji mara tu baada ya kulitoa. Benki ikayafunga madeni maelfu kwa maelfu katika fungu moja, ikauza vipande vya fungu hilo kwa wawekezaji wa dunia nzima. Kila aliyepitiwa na karatasi zile alichukua ada yake na kuzisukuma mbele. Kwa kuwa hakuna aliyetarajia kubaki nazo, hakuna aliyejali kama mkopaji ana uwezo wa kulipa. Lehman ilikuwa na kampuni zake za kukopesha, na ilibaki na mzigo mkubwa wa karatasi hizo na wa majengo.

Mwishoni mwa mwaka 2007 Lehman ilikuwa na mali ya dola bilioni 691, lakini mtaji wa wenyewe ulikuwa dola bilioni 22 na ushei. Kwa kila dola moja ya wenyewe palikuwa na mali ya dola kama 30. Zilizobaki ni mkopo. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa viazi wa hapa Lukozi. Ana shilingi milioni 1 yake, anakopa milioni 30, ananunua viazi vya milioni 31. Bei ikipanda kwa asilimia 4, amepata zaidi ya milioni moja, mtaji wake umezaa mara mbili kwa safari moja. Bei ikishuka kwa asilimia 4 tu, milioni yake yote imekwenda na sasa anadaiwa. Anayekopa namna hiyo anajua kwamba faida ikija itakuwa yake, na hasara ikizidi itakuwa ya waliomkopesha.

Mwaka 2010 mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama, Anton Valukas, alitoa ripoti kubwa iliyofichua jambo jingine. Kila ilipokaribia siku ya kutoa hesabu, Lehman ilitoa sehemu ya mali zake kwa wengine na kupokea fedha, kwa ahadi ya kuzirudisha mali zile baada ya siku chache kwa bei ya juu zaidi. Kwa hakika huo ni mkopo wenye ziada. Lakini vitabuni uliandikwa kuwa ni mauzo, ili deni lisionekane. Katikati ya mwaka 2008 kiasi cha dola bilioni 50 kilifichwa kwa njia hiyo. Mwanafunzi wa fiqhi akisoma hapo atakumbuka somo la bay'ul-'ina, ambapo watu wawili huuziana kitu na kurudishiana, nia yao ikiwa si kitu bali ni fedha kwa fedha yenye nyongeza. Wanazuoni wengi waliikataza kwa sababu ni kuivika riba kanzu ya biashara.

Basi Lehman ikaanguka. Wafanyakazi wake zaidi ya 25,000 wakapigwa na butwaa. Serikali ya Marekani haikuiokoa, lakini siku iliyofuata ilitoa mkopo wa dola bilioni 85 kuiokoa kampuni ya bima ya AIG. Oktoba mwaka huo ikapitishwa sheria ya dola bilioni 700 za kuyanusuru mabenki. Mkuu wa Lehman, Richard Fuld, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge na kuoneshwa hesabu ya karibu dola milioni 480 alizopokea tangu mwaka 2000. Yeye alidai kwamba ni pungufu ya hizo. Hata tukichukua hesabu yake, faida ilikuwa imeshatoka mlangoni kabla hasara haijaingia.

Na hasara haikuishia New York. Bei za pamba na kahawa zilianguka, na waliokuwa wamenunua mazao ya wakulima wetu wakashindwa kuyauza bila kuumia. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya takriban shilingi trilioni 1.7, na moja ya mambo yaliyokuwemo ni kufidia hasara za wanunuzi wa mazao. Fedha hiyo ni ya Watanzania. Mama muuza chai wa Soni, akinunua sabuni na kulipa kodi ndani ya bei yake, alikuwa akichangia kosa lililofanywa na watu ambao hajapata kulisikia jina lao.

Uislamu ulivyoufunga mlango huu

Baada ya kuyaona hayo mawili, la Usambara na la New York, sasa tutazame sheria yetu. Ipo kanuni mashuhuri itokanayo na hadithi aliyoisimulia Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Inaitwa al-kharaju bidh-dhamani. Maana yake ni kwamba pato la kitu humstahikia yule ambaye kitu hicho kingeharibika hasara ingekuwa juu yake. Asili yake ni mtu aliyenunua mtumwa, akakaa naye na kufaidi kazi yake, kisha akagundua kasoro na kumrejesha. Muuzaji akadai pato la siku zile. Mtume (S.A.W.) akahukumu kuwa pato ni la mnunuzi, kwani katika siku zile mtumwa angekufa, aliyepata hasara angekuwa ni mnunuzi. Katika hadithi nyingine Mtume (S.A.W.) amekataza faida ya kitu ambacho mtu hajakibebea dhamana.

Hapa ndipo tunapoelewa jibu la Qur'an kwa wale waliodai kuwa biashara na riba ni kitu kimoja. Allah (S.W.) ameeleza katika Suratul-Baqara, aya ya 275, kwamba Yeye amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Mfanyabiashara naye hupata ziada, tena wakati mwingine kubwa kuliko ya mla riba. Lakini mfanyabiashara amesimama na mali yake juani na mvuani. Mla riba ameshajitoa: mvua inyeshe, isinyeshe, chake kipo.

Kisa cha watoto wawili wa Sayyidna Umar (R.A.), Abdullah na Ubaydullah, kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik, kinaligusa suala hili hasa. Walikuwa wakirejea kutoka Iraq na jeshi. Gavana wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari, akawakopesha fedha ya hazina iliyokuwa ipelekwe Madina, wanunue bidhaa, wauze Madina, wampe Khalifa mtaji, na faida iwe yao. Wakafanya hivyo na wakapata faida. Umar akawauliza kama kila askari katika lile jeshi alikopeshwa vilevile. Wakasema hapana. Akawaamuru warudishe mtaji na faida yote, kwani aliona wamepewa kwa sababu ni watoto wa Khalifa. Ubaydullah akajitetea kwa hoja ya dhamana: mali ile ingepotea, wao ndio wangelipa. Umar akasita kukubali. Mwishowe mmoja wa waliokuwepo akashauri ihesabiwe kuwa ni mudharaba, na nusu ya faida ikarudi hazina, nusu wakabaki nayo wale vijana.

Tazama tofauti, ndugu msomaji. Vijana wale walikuwa na hoja ambayo wakubwa wa Lehman hawakuwa nayo, kwamba hasara ingekuwa juu yao. Hata hivyo Umar hakuridhika, kwa kuwa fedha ilikuwa ya umma. Je, ingekuwaje hukumu yake kwa mtu anayechukua faida peke yake na kuiachia hazina hasara?

Tusimcheke Mmarekani

Ni rahisi kuyasema haya kwa ajili ya New York na Berlin. Tugeukie ya kwetu. Lushoto inaishi kwa viazi, kabichi, karoti na matunda yanayoteremshwa Mombo kila siku kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mtaji mwingi wa biashara hiyo hutoka kwa ndugu zetu walioko mijini, na wengi wenu mnaosoma gazeti hili ni miongoni mwao. Kijana mmoja aliniuliza baada ya darsa: "Ustadhi, kaka yangu yuko Dar. Ananipa milioni moja ninunue viazi Lukozi na Shume nipeleke sokoni. Kila baada ya mwezi nimrudishie milioni moja na laki mbili. Gari ianguke, viazi vioze, bei ishuke, laki mbili yake iko palepale. Anasema ananisaidia. Kuna ubaya gani?"

Sina shaka kwamba kaka yule ana nia njema. Lakini alichofanya ni kile kile. Amechukua faida na kumwachia mdogo wake hasara. Mvua za masika zikiporomosha udongo na kuifunga barabara ya Soni kwa siku mbili, viazi vinaharibika juu ya gari, mdogo mtu anauza mbuzi wa mama yao ili kaka apate laki mbili zake. Hiyo ni riba, hata kama imeitwa msaada, na hata kama mtoaji na mpokeaji wamenyonya ziwa moja.

Sheria imewawekea njia tatu. Ya kwanza ni kumkopesha mkopo mwema, qardhi hasan: atarudisha milioni moja bila ziada, na akikwama apewe muda kama Qur'an inavyoelekeza (2:280). Ya pili ni mudharaba: kaka anatoa mtaji, mdogo anatoa kazi, na wanakubaliana kugawana faida kwa sehemu, si kwa kiasi maalumu. Wakisema nusu kwa nusu, na viazi vya milioni moja vikaleta milioni 1 na laki 6 baada ya gharama, kila mmoja ana laki tatu. Kaka amepata zaidi ya laki mbili alizozitaka. Vikileta laki saba tu, kaka amepoteza laki tatu za mtaji, na mdogo amepoteza jasho lake. Wameumia wote, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Ya tatu ni bay'us-salam. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende mwaka mzima kabla ya mavuno, akawawekea masharti kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Mnunuzi wa Dar anaweza kumlipa mkulima leo fedha yote kwa viazi vya kilo kadhaa, vya aina kadhaa, vitakavyotolewa mwezi fulani. Kama bei itashuka kufikia mwezi huo, mnunuzi ameibeba hasara hiyo. Kama itapanda, faida ni halali yake. Lakini asimnunulie mkulima shamba la kabichi changa kwa bei ya kutupa kwa sababu tu mkulima ana mgonjwa hospitalini. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa, na akauliza iwapo Allah ameyazuia, mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki ipi.

Hapo hutokea pingamizi moja nililolisikia mara nyingi: "Nikimpa mudharaba, kila mwezi ataniambia amepata hasara." Hofu hiyo ina msingi, na sheria imeijibu. Mwenye kufanya kazi ni mwaminifu, hadaiwi hasara iliyokuja bila yeye kusababisha. Lakini akizembea au akivunja masharti, kwa mfano ameambiwa asipakie usiku akapakia, au fedha ya viazi ameijengea nyumba, basi atalipa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inatuagiza kuandikiana na kushuhudiana. Daftari la manunuzi, risiti ya gari na mashahidi wawili vina faida kubwa zaidi kuliko laki mbili za lazima. Kama humwamini mtu kiasi cha kushirikiana naye katika hasara, swali ni kwa nini umpe fedha yako kabisa.

Anayeahidi bila kubeba

Upande mwingine wa kosa hili ni kukubali kuwa mbeba hasara bila kujua. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, ambako maelfu ya Watanzania wa dini zote walikuwa "wamepanda" fedha zao wakisubiri "kuvuna" mara mbili au zaidi. Hapakuwa na shamba, duka wala kiwanda cha kuzaa ziada ile. Wa mwanzo walilipwa kwa fedha za waliowafuata. Mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani. Majina ya michezo hii hubadilika kila baada ya miaka michache, na sasa inapita kwenye simu, lakini alama yake haibadiliki: faida imetajwa kwa kiasi maalumu, na kuhusu hasara hakuna lililosemwa.

Tunamshukuru Allah kwamba leo Muislamu wa mjini ana njia nyingine. Mwaka 2011 ilifunguliwa Amana Bank, na mabenki mengine yana madirisha ya huduma zisizo na riba. Lakini jina la Kiarabu juu ya fomu halitoshi. Kabla hujatia sahihi, muulize afisa maswali matatu. Ni kitu gani hasa kinachonunuliwa na kuuzwa hapa? Kati ya siku ya kununua na siku ya kuniuzia, kikiharibika ni cha nani? Na mradi ukipata hasara bila uzembe wangu, nani ataibeba? Afisa anayeijua kazi yake hatakasirika. Maswali hayo hayo yaulizwe katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vikiwemo vya kina mama katika misikiti yetu.

Ninawaomba wasomaji wenye fedha kwa ndugu zao vijijini wafanye jambo moja wiki hii. Chukua makubaliano yako, yawe ya maandishi au ya mdomo, utafute mahali palipotajwa hasara. Kama hapapo, au kama imewekwa yote juu ya yule aliye dhaifu, mpigie simu mwenzako myarekebishe kabla ya msimu ujao wa kununua. Kilichokwisha pokelewa kama ziada kirudishwe kwake, kwani Allah (S.W.) amemwachia mwenye kutubia rasilimali yake tu, hadhulumu wala hadhulumiwi (2:279).

Tunamuomba Allah atujaalie riziki za halali, azitie baraka biashara zetu na atuepushe kula jasho la wengine. Wallahu a'lam.